Mikwiro ya Mkole

Mkwiro, kijiti cha kupigia ngoma, ukiuviringisha juu ya meza iliyonyooka, utakuonyesha kama umepinda. Ukiulaza juu ya kidole kimoja, utakuonyesha uzito wake umeegemea wapi. Ukijigonga nao taratibu kwenye mfupa wa taya, utaisikia sauti yake ndani ya kichwa chako kabla mtu mwingine hajaisikia. Mambo hayo matatu nilifundishwa na mzee mmoja aliyekuwa askari, kiziwi wa sikio la kulia, katika kambi ya mgodi wa dhahabu upande wa Geita. Mpaka leo nayafanya kila ninaposhika kijiti chochote, hata mwiko wa ugali, na watoto wangu hunicheka. Jambo la nne mtu hawezi kulifanya peke yake. Hilo ndilo lililonifanya nikae chini kuandika.

Tulikuwa watatu. Mimi ndiye mkubwa, akafuata mdogo wangu wa kiume, na wa mwisho ni msichana. Tulizaliwa kijijini upande wa Shinyanga, katika mashamba ya pamba. Wakati wa mavuno nyumba yetu ilijaa pamba hadi tukawa tunalala juu yake, na asubuhi mama alituchambua nyuzi kwenye nywele kabla hatujaenda shule.

Baba alifariki nikiwa darasa la nne. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimechaguliwa kupiga ngoma katika bendi ya shule ya misheni. Nilikuwa nimefanya mazoezi siku nyingi, tena kwa kupiga benchi, kwa sababu ngoma zilikuwa chache na sisi tulikuwa wengi. Jumapili iliyofuata tungeandamana kutoka shuleni hadi kanisani, na mimi ningevaa ngoma yenyewe kwa mara ya kwanza. Jumapili hiyo ilinikuta nyumbani, nimekaa mkekani na wajomba, napokea pole. Kwa mbali niliisikia bendi ikipita barabarani. Sikurudi shuleni tena.

Mama alimfuata baba kabla mvua za mwaka uliofuata hazijakatika. Siku zake za mwisho alinishika mkono akaniambia kwa Kisukuma kwamba wadogo zangu walale pale nitakapolala mimi. Hakusema zaidi ya hayo. Nikaitikia. Tulipomaliza matanga, ndugu wa baba walikaa kikao wakatugawa: mmoja aende kwa huyu, mwingine kwa yule, na msichana apelekwe kwa shangazi. Nilisimama mbele yao, kijana mdogo wa kaptula, nikasema hapana. Walinishangaa sana. Nadhani walituacha kwa sababu ya mshangao huo tu. Mwezi haukuisha tukawa juu ya lori la magunia, tunakwenda Geita, kwa kuwa nilisikia kule mgodini wanaandika watu.

Waliniweka karakana ya useremala. Nilianza kwa kufagia maranda, na miaka ilivyokwenda nikawa fundi wa mipini. Mgodi unakula mipini: ya sururu, ya sepetu, ya nyundo, ya mashoka. Sisi tulichagua mti kwa uzito. Mlangoni palikuwa na pipa la maji, na kila kipande kilichoingia karakana kilitumbukizwa humo kwanza. Kilichoelea kilikwenda jikoni. Kilichozama kilikwenda kwenye mashine ya kukereza. Nilifanya hivyo siku baada ya siku, hadi mti uliozama ukawa kwangu ndio mti, na uliobaki ulikuwa kuni tu.

Kambini walitupa chumba kimoja chenye bati juu. Tulilala watatu humo kama nilivyoahidi. Mdogo wangu alisoma kupita mimi, akamaliza darasa la sita, akapata kazi ya kuandika vifaa stoo. Dada yetu alipika, akashona, akatutawala wote wawili.

Kambi ilikuwa na bendi yake. Aliiongoza huyo mzee niliyemtaja, Mnyamwezi aliyepigana vita ya Burma, ambaye watu wote walimwita Sajini. Sikio lake la kulia lilibaki hukohuko vitani. Ukitaka akusikie, ulizunguka upande wa kushoto, na asipotaka kukusikia alikugeuzia la kulia. Bendi ilikuwa na matarumbeta manne, ngoma moja kubwa ya tumboni, ngoma mbili ndogo zenye nyuzi za kukereketa chini yake, na mbili ambazo wao waliziita ngoma za kati. Ngoma ya kati haina nyuzi. Inakaa kwenye paja, inapigwa kwa mikwiro yenye vichwa laini kama ngumi ya mtoto, na mpigaji hapigi tu. Kati ya pigo na pigo anairusha mikono juu, anaizungusha mikwiro kichwani ikiwa imefungwa vidoleni kwa kamba nyembamba, kisha anaishusha palepale inapotakiwa. Mdogo wangu alipewa hiyo.

Saa kumi alasiri walifanya mazoezi uwanjani, nyuma ya ukuta wa karakana yetu. Sikuwaona, niliwasikia. Katika ngoma zote nilitambua ya kwake, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuchelewa kidogo sana, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema, halafu anaingia sawasawa. Mikono yangu ilikuwa kwenye randa na miguu yangu chini ya benchi ilikuwa inaandamana kwenda kanisani. Mafundi wenzangu waliona.

"Mwangalieni bwana harusi anavyocheza peke yake," alisema mmoja wao.

"Mwache," mwingine akamjibu, "ana ndugu yake mwenye akili, sisi tuna ndugu zetu wezi wa kuku."

Mwaka mmoja, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, zikaja habari. Mkuu wa bendi moja ya askari huko Dar es Salaam angefika Shinyanga siku ya sherehe ya serikali, asikilize wapigaji wa bendi za huku kwetu, na atakaowapenda aondoke nao. Kila bendi ilete mpigaji mmoja wa ngoma. Mdogo wangu aliingia ndani jioni hiyo bila kuvua viatu, jambo ambalo dada hakulivumilia hata siku moja.

"Kaka," akasema, "nataka kwenda."

"Kwenda Shinyanga?"

"Kwenda moja kwa moja."

Dada aliacha kupepeta mchele. Nilimwambia mdogo wangu avue viatu. Baada ya kuvua, nikamuuliza anahitaji nini. Akasema mikwiro ya bendi imechakaa, vichwa vyake vimekuwa vigumu kama mawe, na Sajini atachagua mpigaji wiki ijayo. Nikamwambia nitamtengenezea mingine. Nililisema neno hilo upesi, na alinishukuru kwa Kisukuma kama tulivyofundishwa na mama, "Wabeja, kaka," akiwa ameshika mikono yangu yote miwili.

Nilikuwa nimeficha kipande cha mpingo, cheusi, kisicho na ufa wala fundo. Nilikikata viwili nikavitumbukiza kwenye pipa. Vilizama kama risasi. Nilivikereza siku tatu baada ya kazi, nikavisugua kwa msasa, nikavipaka mafuta ya nyonyo, vikawaka. Vichwa nilivitengeneza kwa pamba niliyoishindilia na kuifunika kwa ngozi ya mbuzi. Wenzangu walivipokezana.

"Hii ni ya kupigia ngoma au kuvunjia mwamba?" aliuliza yule wa utani wa bwana harusi.

"Ya kuvunjia mdomo wako," nikamjibu, wakacheka wote, na mimi nikacheka zaidi yao. Nilijivuna. Mdogo wangu naye alipoishika alijivuna, akaizungusha chumbani hadi dada akakimbiza taa.

Siku ya kuchagua niliomba ruhusa nikaenda uwanjani. Walipita mara moja, mdogo wangu akaonekana kama mtu wa picha, mikwiro myeusi inameremeta juu ya kofia yake. Walipita mara ya pili. Mara ya tatu niliona bega lake la kushoto limeshuka. Alikuwa bado anachelewa, lakini sasa haingii, anaburutwa. Ngoma yenyewe ilikuwa inapiga kelele badala ya kusema. Sajini aliinua fimbo yake, bendi ikasimama.

"Wewe! Unapiga ngoma au unatwanga mtama?"

Wapiga tarumbeta walicheka. Sajini akaichukua mikwiro, akaipima mkononi, akajigonga nayo taya, akakunja uso.

"Nani kakupa hii?"

Mdogo wangu aligeuka akanitazama nilipokuwa nimesimama, na uwanja mzima ukageuka naye.

Nyumbani alikaa kitandani. Dada alitenga ugali na mlenda. Hakuna aliyenawa.

"Ulijua," mdogo wangu akasema.

"Nilijua nini?"

"Unashika mipini kila siku ya Mungu. Leo utaniambia hujui uzito? Ulitaka nishindwe, nibaki hapa."

"Kuleni kwanza," dada akasema. "Mtagombana mmeshiba."

Nilitaka kuapa kwa jina la mama. Lakini nilikumbuka furaha niliyokuwa nayo pale kwenye pipa nilipoviona vile vipande vikizama. Siku ile niliiita furaha ya fundi. Sasa aliponiuliza, sikuwa na uhakika ni furaha ya nini. Nikasema tu, "Sikujua." Alilala akiwa amegeukia ukutani, na nafasi kati ya vitanda vyetu, ambayo haikuzidi hatua moja, niliiona pana.

Asubuhi, kabla ya king'ora cha kazi, nilikwenda kwa Sajini. Alikuwa ananyoa ndevu mlangoni. Nilizunguka upande wa kushoto.

"Shikamoo, Sajini."

"Marahaba, muuaji wa ngoma."

Nikamwambia nimekosea, anifundishe. Alifuta povu, akanipeleka ndani, akanionyesha mambo yale matatu, la meza, la kidole na la taya. Kisha akaniambia mpingo ni mti wa kuonea fahari. Mti wa ngoma ya kati ni mkole, ule wa fimbo za wachungaji, unaokubali kupinda kidogo na kurudi. Mkwiro ukigusa ngozi lazima urudi wenyewe, mkono usiuinue.

"Lakini mkole unaelea," nikasema.

"Unakwenda kuvua samaki nao?" Akacheka hadi akakohoa. Kisha akaniambia jambo la nne. Mpigaji hachagui mikwiro yake. Aliye karibu na ngoma anasikia ngozi tu, na sauti ya bendi ni ile inayowafikia watu barabarani. Kwa hiyo katika bendi yake mikwiro ilichaguliwa na mtu wa nyumbani kwa mpigaji. Mtu huyo huhesabu hatua hamsini kutoka kwenye ngoma, huku amewapa mgongo, wala haambiwi ni mikwiro gani inapigwa. Akiisikia iliyo yenyewe anainua mkono.

"Kwa nini mtu wa nyumbani?" nikamuuliza.

"Mimi sikio moja halipo. Wengine wote wataniambia ninachopenda kusikia. Wa nyumbani kwako anajua unavyopumua." Akanipa siku sita kabla ya kumtaja mpigaji wa kwenda Shinyanga.

Mkole niliukata mwenyewe kichakani, nikaukausha kwa moshi jikoni kwa dada. Shida ilikuwa vichwa. Sajini alisema pamba na ngozi ya mbuzi havifai, inatakiwa sufu nzito iliyoshindiliwa, kama ya kofia za Wazungu. Nilikwenda dukani kwa Mhindi mmoja pale sokoni, mtu mpole aliyeuza nguo, chumvi na mafuta ya taa. Juu ya rafu, nyuma ya majora, siku zote palikuwa na kofia ya kijivu yenye ukingo mpana.

"Hiyo siuzi, fundi," akasema. "Niliivaa siku ya harusi yangu Tabora."

"Inatakiwa ikapige ngoma, Bwana."

"Kofia ipige ngoma?"

Nilimweleza. Alisikiliza huku ameinamisha kichwa, kisha akaishusha, akapuliza vumbi. Nyuma ilikuwa imeliwa na panya. Sauti ya mkewe ikatoka ndani, nyuma ya pazia.

"Mpe! Miaka yote hiyo panya ndio wanaivaa. Na mwambie anitengenezee kifimbo cha chapati, changu kimepasuka."

Mzee akanitazama kama mtu aliyeshindwa kesi mahakamani. Nilimkerezea yule mama kifimbo kutokana na mkwiro mmoja wa ile ya mpingo, baada ya kuuvua kichwa chake, na aliniambia baadaye kwamba kwa chapati uzito huo ulikuwa mzuri sana.

Kofia ilitoa vichwa sita. Nikapata jozi tatu za mkole, urefu sawa, mti mmoja, tofauti vichwa tu: vyembamba, vya wastani, na vya mviringo vilivyojaa. Mdogo wangu aliziona zikikua siku hadi siku, na siku ya tano nilimkuta anasugua mpini mmoja kwa msasa. Nilikaa upande wa pili wa benchi nikasugua mwenzake. Tulisugua mpaka giza likaingia.

Jumapili mchana, baada ya watu kutoka kanisani, tulikuwa wanne uwanjani. Mdogo wangu alivaa ngoma. Dada alikaa chini na jozi tatu mapajani, yeye ndiye atakayempa kwa mpangilio anaoutaka. Sajini aliweka kiganja chake ubavuni mwa ngoma, kwa kuwa alisikia kwa mkono vizuri kuliko kwa sikio. Mimi nikawageuzia mgongo nikahesabu. Hatua ya hamsini ilinifikisha kwenye ukingo wa uwanja, mbele yangu bonde, na ng'ambo ya bonde kilima cha mawe.

Jozi ya kwanza ilikuja ikaishia kwenye visigino vyangu. Mkono ulikaa chini.

Ya pili ilikuwa nzuri. Ilikuwa laini na safi, ilinifikia kama jirani anayebisha hodi. Mtu yeyote angeipenda. Nilisubiri.

Ya tatu ilinipita. Sijui niiseme vipi vingine. Nilisikia ikija nyuma, ikanipita begani, ikaenda bondeni, na nikaisikia mbele yangu ikigonga mawe ya kilima. Ule uchelewaji wake wa kuvuta pumzi ulikuwa ndani yake, wazi, kama amesimama kando yangu. Nilimwona amevaa kofia ya askari katika mji nisioujua. Nilijua kwamba kwa mikwiro hiyo atachaguliwa, na kwamba usiku wa wiki ijayo chumba chetu kitakuwa na kitanda kitupu.

Nikainua mkono? Hapana. Nikapaza sauti, "Rudieni."

Zikarudiwa zote tatu. Nikasema tena, "Rudieni." Ile ya pili, ile nzuri ya jirani, ilipokuja, nilihisi mkono wangu mwepesi. Ningeuinua tu. Sajini hasikii. Dada hakujua la kusikiliza. Mpigaji mwenyewe, kwa maneno ya Sajini, hawezi kujua. Ingekuwa mikwiro mizuri, si mibaya kama ile ya mpingo, na hakuna mtu duniani ambaye angekuja kunidai neno. Angeshindwa kidogo tu, angerudi, tungelala watatu. Mama aliniambia walale ninapolala mimi.

"Rudieni!"

"Kaka amelala huko!" mdogo wangu akapiga kelele, na dada akacheka.

Walipiga mara ya nne. Ya kwanza, ya pili. Ya tatu ilipoanza niliiacha ipite, ifike kilimani, irudi. Kisha nikainua mkono, nikauacha juu mpaka alipoacha kupiga.

Walivuka ziwa kwa kivuko, mdogo wangu na Sajini, wakapanda treni Mwanza kwenda Shinyanga. Siku ya nne Sajini alirudi peke yake. Alipoingia karakana mafundi waliacha kupiga randa, na hakuwa na haja ya kusema. Aliniambia waliochaguliwa wataondoka Shinyanga kwa treni ya Jumamosi, na treni hiyo inasimama Isaka. Siku ya Ijumaa lori la mgodi lilikuwa linakwenda Isaka kuchukua mzigo. Nilimwomba mnyapara, akaniruhusu.

Tulipita Runzewe, tukalala Kahama, tukapita Kagongwa asubuhi na vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Nilikuwa na blanketi alilolifua dada. Treni ilipofika alikuwa dirishani tayari, anatafuta.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Nimekula. Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Chukua blanketi."

"Kule ni joto, kaka. Wanasema watu wanalala nje."

"Chukua."

Akalichukua. Mikwiro ilikuwa imechomekwa kwenye mkanda wake, na kamba zake tayari zilikuwa zimeingia weusi wa vidole. Akazigusa, akasema, "Mbona siku ile ulichelewa kuinua mkono?"

"Nilikuwa nasikiliza."

"Mara nne?"

"Mara nne."

Aliangalia mikono yake. "Sajini anadanganya," akasema. "Mpigaji anajua. Mimi mkono wangu ulijua tangu mara ya kwanza kwamba ni ile ya tatu. Nilinyamaza nione."

"Uone nini?"

"Ungeinua kwa ile ya pili, ningebaki. Wala nisingekuuliza maisha yangu yote."

Mlinzi wa treni alipuliza filimbi. Mdogo wangu alinyoosha mkono, akanishika kichwa kama ningekuwa mimi mdogo na yeye mkubwa. "Wabeja, kaka," akasema. Nilitembea na treni hadi jukwaa likaisha.

Yapo maneno ambayo mtu hutembea nayo. Miaka yote hiyo nikiwa kwenye benchi langu, saa kumi inapofika na bendi inaanza nyuma ya ukuta, nilimsikia mpigaji mwingine anayeingia kwa wakati bila kuchelewa, hodari kabisa, na nilijiambia: ningeinua kwa ile ya pili angebaki. Sikujuta. Lakini kutojuta hakukunizuia kutega masikio. Barua zilikuja. Alituma picha, amesimama na ngoma kwenye paja, mikwiro juu. Dada aliitundika karibu na kioo. Kitanda chake hatukukitoa.

Mwaka wa tatu au wa nne aliandika kwamba vichwa vimekwisha. Kule walikuwa na mikwiro ya dukani, ya Ulaya, ila yeye anataka ya mkole. Mwishoni aliongeza, "Usinichagulie kwa meza na kidole. Nichagulie kwa hatua hamsini."

Nilitengeneza jozi tatu kama zamani. Sufu nilipata kwa Mhindi yule yule wa dukani, ambaye safari hii alinipa koti lake la baridi bila kubembelezwa, akauliza tu kama kofia yake ingali inapiga. Lakini nani atapiga? Sajini alikuwa amerudi kwao Unyamwezi. Ngoma nikaazimwa. Dada, aliyekuwa amebakiza wiki mbili aolewe kwenda Kagongwa, alijifunga kanga kiunoni akasema, "Leta hapa."

"Wewe hujawahi kupiga."

"Nimeisikia ngoma hiyo maisha yangu yote. Wewe nenda kahesabu."

Nikahesabu. Nikasimama pale kwenye ukingo, bonde mbele yangu na kilima cha mawe ng'ambo. Alianza kwa kubahatisha, akapotea, akaanza tena, na mara nikasikia amechelewa kidogo sana, kama mtu anayevuta pumzi, kisha akaingia sawasawa. Alikuwa anapiga kama yeye. Labda hakujua kama ipo namna nyingine. Sauti ikanipita begani ikaenda bondeni ikagonga mawe.

Ilikuwa jozi ya kwanza tu, na ndiyo yenyewe. Nilijua palepale. Niliuacha mkono wangu chini, nikamwacha aendelee kupiga.